Kocha Mweusi, Dabi za Vyuo vya Marekani na Ubishi wa Bohari

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi katika bohari moja hapa Columbus, Ohio. Kwetu ni AFC Leopards toka kwa babu, kwa hiyo utani wa jadi naujua. Lakini ubishi wa huku umenishinda. Tangu Notre Dame, wenye kocha Mweusi, walipocheza fainali ya vyuo ya futiboli ya Kimarekani na Ohio State Januari 2025, kila tukikaa kula wenzangu wanarushiana maneno. Mmoja anasema kocha Mweusi hapewi muda. Mwingine anasema timu inataka ushindi tu, rangi inaletwa na walioshindwa. Juzi wakanigeukia: wewe Mwafrika unaonaje? Nikabaki natazama sahani. Nani mkweli? Halafu kijana wangu anacheza futiboli shuleni na ameanza kusema atakuwa kocha. Nimwache?

JIBU: Salamu zimefika, ndugu yangu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili nimelifuatilia miaka mingi, na kwa sababu kuna kijana ndani yake.

Wenzako wote wawili wanasema kweli, ila si kwa kiasi kimoja. Ni kweli timu inataka ushindi. Lakini anayesema kocha Mweusi hapewi muda ana ushahidi mzito zaidi, na huhitaji shahada kuuona. Unahitaji kalamu na karatasi. Shida ya ubishi wa mezani ni kwamba kila mtu analeta kocha wake: huyu anamtaja aliyefukuzwa kwa uonevu, yule anamtaja aliyefukuzwa kwa haki, basi mnazunguka palepale mpaka kengele inalia. Njia iliyonisaidia mimi ni kutafuta makocha wawili wenye hesabu zinazolingana, mmoja Mweusi na mmoja Mzungu, kisha kutazama kila mmoja alitendewaje. Wapo wa namna hiyo, na wa kwanza wametoka Notre Dame hiyohiyo mnayoizungumza.

Kwanza uijue timu yenyewe. Notre Dame ni chuo cha Kikatoliki huko Indiana, na timu yao inaitwa Fighting Irish, yaani Waayalandi wapiganaji. Jina lenyewe ni la kabila. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mkatoliki Marekani, awe Mwayalandi, Mpoland au Mwitaliano, alitazamwa kama mtu wa kuja. Mei 1924 wanafunzi wa Notre Dame walipigana mitaani South Bend na Ku Klux Klan, kundi lililowachukia Weusi, Wayahudi na Wakatoliki kwa pamoja. Msimu wa mwaka huohuo timu yao ilimaliza bila kupoteza hata mechi moja chini ya Knute Rockne, mzaliwa wa Norway ambaye wakati huo hakuwa hata Mkatoliki. Alibatizwa Ukatoliki mwaka 1925. Wafanyakazi wa viwandani Chicago na New York, watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo chochote, waliichukua timu ile ikawa yao. Iliwafuta machozi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba makocha Weusi ndio walioleta ukabila kwenye michezo ya vyuo, mwambie ukabila huo ulikuwepo tangu enzi za babu yake, na pengine babu huyo ndiye aliyekuwa anatukanwa.

Wewe wa Leopards hili huhitaji kufundishwa. Timu yako ilianza 1964 kwa jina la Abaluhya, na mwaka 1980 serikali ilipokataza majina ya kikabila, AFC ikabaki na herufi zake ikapewa maana nyingine. Mashabiki wakabaki walewale.

Sasa tushike kalamu. Mwaka 2002 Notre Dame walimpa timu Tyrone Willingham kutoka Stanford. Alikuwa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika mchezo wowote chuoni hapo. Akaanza kwa kushinda mechi 8 mfululizo, akamaliza msimu na ushindi 10 na vipigo 3. Msimu wa pili ukamwendea vibaya, 5 kwa 7. Wa tatu 6 kwa 5, na mwisho wa Novemba 2004 akapigwa kalamu, akiwa ametumikia miaka 3 ya mkataba wa miaka 6. Jumla yake ni ushindi 21, vipigo 15.

Aliyemtangulia ni Bob Davie, Mzungu. Davie alipata ushindi 35 na vipigo 25. Toa simu yako ugawanye. 21 kwa mechi 36 ni asilimia 58.3. 35 kwa mechi 60 ni asilimia 58.3. Ni namba ileile, hadi nukta. Davie alipewa misimu 5, Willingham 3. Na nyuma zaidi, miaka ya 1980, alikuwepo Gerry Faust, Mzungu pia, mwenye ushindi 30, vipigo 26 na sare 1, hesabu mbovu kuliko ya hao wawili, naye alikaa misimu 5.

Hapo mwenzako wa ushindi tu atakuambia ngoja kwanza, ulimwona alivyofungwa na USC? Na hapo ana hoja, usimnyime. USC ya Los Angeles ndiyo watani wakubwa wa Notre Dame. Willingham alikutana nao mara tatu: 44 kwa 13, halafu 45 kwa 14, halafu 41 kwa 10. Piga hesabu ya tofauti uone: pointi 31, pointi 31, pointi 31. Miaka mitatu kipigo kilekile kutoka kwa mtani yuleyule! Shabiki aliyeketi uwanjani siku hizo hakuwa anafikiria rangi ya mtu, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Na Willingham alipokwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Washington mambo hayakunyooka, mpaka msimu wa 2008 aliopoteza mechi zote 12. Mimi siwezi kukuambia kwamba alikuwa kocha asiye na dosari.

Lakini tazama aliyekuja baada yake. Notre Dame walimtaka Urban Meyer, akaenda Florida, ndipo wakamchukua Charlie Weis, Mzungu aliyesoma hapohapo Notre Dame. Oktoba 2005 Weis naye akacheza na USC, akafungwa 34 kwa 31. Kilikuwa kipigo, ila cha pointi 3, na watu wakatoka wana matumaini. Mwezi uleule, akiwa amecheza mechi 7 tu tangu aajiriwe, chuo kikampa mkataba mpya wa miaka 10. Mechi saba! Akamaliza misimu 5 na ushindi 35, vipigo 27, ambayo ni asilimia 56.5, chini ya Willingham. Alipofukuzwa mwaka 2009 chuo kiliendelea kumlipa fidia kwa miaka, jumla yake takriban dola milioni 19.

Nikisoma hizo hesabu huwa narudi kwa Padri Edward Malloy, aliyekuwa rais wa chuo Willingham alipofukuzwa na ambaye hakukubaliana na uamuzi ule. Siku chache baadaye alisema hadharani kwamba katika miaka 18 ya urais wake, siku mbili tu ndizo zilizomtia aibu, nazo ni zile za wiki ya kumfukuza kocha yule. Hakuwa mshabiki wa upande wa pili wala mwanaharakati. Alikuwa mwenye nyumba.

Jozi ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Mwishoni mwa 2008 Auburn, kule Alabama, walikuwa hawana kocha. Msimu wao ulikuwa umezama, na mtani wao, Chuo Kikuu cha Alabama, akawamalizia kwa 36 kwa 0. Miongoni mwa waliozungumza nao alikuwepo Turner Gill, Mmarekani Mweusi aliyeichukua Buffalo, timu iliyokuwa inafungwa na kila mtu, akaipa ubingwa wa ligi yake mwaka huohuo. Alikuwepo pia Gene Chizik, Mzungu aliyewahi kuwa msaidizi hapo Auburn, aliyekuwa anaifundisha Iowa State. Hesabu ya Chizik kama kocha mkuu ilikuwa 3 kwa 9 mwaka wa kwanza na 2 kwa 10 mwaka wa pili, na mechi 10 za mwisho alipoteza zote. Jumla ushindi 5, vipigo 19. Kazi ikaenda kwa Chizik. Charles Barkley, gwiji wa mpira wa kikapu aliyesoma Auburn hiyohiyo, alijitokeza mbele ya watu akasema rangi ndiyo sababu kubwa.

Gill akaenda Kansas. Mwaka wa kwanza 3 kwa 9. Mwaka wa pili 2 kwa 10. Jumla 5 kwa 19, tarakimu zilezile, kwa mpangilio uleule. Akafukuzwa baada ya misimu hiyo miwili. Na aliyepewa kiti chake unamjua tayari, ni Charlie Weis, ambaye Notre Dame walikuwa bado wanamlipa.

Mtu wa Auburn akikusikia atakujibu kwa neno moja: 2010. Ni kweli, mwaka ule Chizik alishinda mechi zote 14 akatwaa ubingwa wa taifa. Mimi sibishani na kombe. Ila kombe lile linatuambia kwamba mtu mwenye 5 kwa 19 anaweza kuwa bingwa akiaminiwa, akapewa pesa, wasaidizi na wachezaji bora. Gill mwenye 5 kwa 19 hakupewa nafasi ya kujua kama naye angeweza. Miaka miwili baada ya kombe, timu ilipopata ushindi 3 tu, Chizik naye alitimuliwa. Dabi na vipigo havimwachi mtu. Tofauti huonekana katika kiasi cha imani ambacho mtu anaanza nacho, na nani anamkingia kifua anapojikwaa mara ya kwanza.

Imani hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Kocha mkuu wa chuo kikubwa hachaguliwi na mashabiki wala wachezaji. Anachaguliwa na mkurugenzi wa michezo na rais wa chuo, huku wafadhili matajiri wakiwa wamesimama nyuma ya mlango. Hao wafadhili ni wahitimu wa miaka ya nyuma, walioingia vyuoni wakati ambapo Mweusi hakuwepo darasani au ndiyo kwanza anaingia. Alabama ilichezesha Mweusi wa kwanza kwenye timu yake ya futiboli mwaka 1971. Mtu aliyehitimu kabla ya hapo bado anaweza kuwa hai, ana visima vya mafuta, na simu yake ikiita inapokelewa.

Mwaka 2014 Texas walipomwajiri Charlie Strong, aliyefanya vizuri sana Louisville, mfadhili wao mkubwa Red McCombs alikwenda redioni akasema ni kama chuo kimempiga teke usoni, na kwamba Strong angefaa kuwa kocha wa kundi moja la wachezaji, labda mratibu. Baadaye aliomba radhi. Lakini alishasema, na Strong alikuwa hajacheza hata mechi moja. Misimu mitatu baadaye, akiwa na ushindi 16 na vipigo 21, aliondoka. Vipigo 21 ni vyake, hilo silifichi. Ila fikiria kuanza kazi mpya huku mwenye hela amekwisha tangaza kwamba hufai.

Maneno yale ya McCombs yanagusa mfumo mzima. Kwenye futiboli ngazi ya kufikia ukocha mkuu ni uratibu, yaani yule anayepanga mashambulizi au ulinzi. Waratibu wa mashambulizi wengi walikuwa wachezaji wa nafasi ile ya anayepokea mpira na kuurusha, kiongozi wa uwanjani, na kwa miongo mingi vijana Weusi waliohamishwa kutoka nafasi hiyo wakapelekwa kukimbia ni wengi mno. Wakiwa makocha, wanapewa kundi la wakimbiaji, wadakaji au walinzi wa mbele, na juu yake kazi ya kusajili: kukaa sebuleni kwa mama wa mchezaji huko Houston au Miami, kumhakikishia kwamba mwanawe atatunzwa. Wanaifanya vizuri mno, na kwa sababu hiyo hawatolewi hapo. Karibu nusu ya wachezaji wa ngazi ya juu ni Weusi. Baada ya Willingham na wenzake kuondoka mwaka 2004, kabla hajapata kazi Washington, kwenye vyuo zaidi ya 110 vya ngazi hiyo walibaki makocha wakuu Weusi wawili tu.

Mmoja wa hao wawili ni Sylvester Croom, na yeye nimtaje kwa sababu kisa chake kina dabi ndani. Aliichezea Alabama miaka ya 1970 mpaka akachaguliwa kwenye kikosi bora cha taifa. Mwaka 2003 aliomba kuifundisha timu yake mwenyewe, akiwa na zaidi ya miaka 25 ya ukocha. Kazi akapewa Mike Shula, Mzungu aliyeichezea Alabama pia, mwenye miaka 37. Croom akaenda Mississippi State, kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika ligi ya SEC ya kule kusini. Siku ya kutambulishwa alisema kwamba hapo ipo rangi moja tu yenye maana, nayo ni rangi ya jezi, damu ya mzee. Novemba 2006 akarudi Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, na timu yake ndogo akaifunga Alabama 24 kwa 16. Mwezi huohuo haujaisha, Shula akafukuzwa. Croom mwenyewe alimaliza mwaka 2008, baada ya mtani wake Ole Miss kumfunga 45 kwa 0. Hakuonewa siku ile.

Sasa turudi mezani kwenu. Yule anayesema "rangi msiilete" mara nyingi anakerwa na haya matangazo ya "Mweusi wa kwanza". Mwaka 1982 John Thompson alipoifikisha Georgetown nusu fainali ya taifa ya mpira wa kikapu, mwandishi alimuuliza anajisikiaje kuwa kocha wa kwanza Mweusi kufika hapo. Thompson alikasirika. Alijibu kwamba analichukia swali hilo kama maana yake ni kuwa yeye ndiye Mweusi wa kwanza mwenye uwezo, kwa sababu walikuwepo wengine wenye uwezo walionyimwa haki hiyo. Alikuwa na watu kichwani. John McLendon alikuwa amechukua ubingwa wa NAIA, shirikisho la michezo la vyuo vidogo, mara tatu mfululizo, 1957 hadi 1959, na chuo cha Weusi. Eddie Robinson alikaa Grambling tangu 1941 hadi 1997, akamaliza na ushindi 408 wa futiboli, bila kuifundisha timu ya chuo kikubwa cha Wazungu.

Thompson huyu ndiye aliyemlea Dikembe Mutombo kutoka Kongo. Mwaka 1975, timu ilipokuwa inafungwa, watu walitundika shuka ndani ya ukumbi wake mwenyewe likimtaka aondoke, na tusi la rangi limeandikwa juu yake. Wachezaji wake walisimama naye, chuo pia. Mwaka 1984 akachukua ubingwa. Njiani mchezaji wake Patrick Ewing, mzaliwa wa Jamaika, alirushiwa ganda la ndizi ugenini. Waliorusha wangekuambia ni utani wa mashabiki. Hapo ndipo mpaka ulipo, ndugu yangu: kumwambia mtu wa Ohio State kwamba timu yake ni mbovu ni utani. Ganda la ndizi halihusiani na timu.

Na yule anayesema kocha Mweusi hapewi muda, mkumbushe Marcus Freeman, mkitaka kuwa waadilifu. Baba yake ni Mweusi, mama yake ni Mkorea. Notre Dame hiyohiyo ilimpa timu Desemba 2021. Msimu wake wa kwanza akafungwa nyumbani na timu ndogo ya Marshall. Septemba 2024 akafungwa nyumbani na timu nyingine ndogo, Northern Illinois, 16 kwa 14, kipigo ambacho kingeweza kummaliza kocha yeyote. Chuo kikatulia. Miezi minne baadaye aliifunga Penn State 27 kwa 24, akawa kocha wa kwanza Mweusi, na wa kwanza mwenye asili ya Asia, kufika fainali ya taifa ya futiboli ya vyuo vikubwa. Alipoulizwa pale uwanjani, alisema ni heshima kwake na kwa makocha wengine wanaosubiri nafasi, kisha akageuza maneno yakawa ya timu. Fainali akafungwa na Ohio State 34 kwa 23, tarehe 20 Januari 2025, sikukuu ya Martin Luther King. Ulikuwa msimu wake wa tatu. Willingham alifukuzwa msimu wake wa tatu. Kwa hiyo mambo yanaweza kubadilika, na yalibadilika kwa sababu wenye mamlaka chuoni walivumilia kile ambacho miaka 20 nyuma hawakukivumilia.

Kuhusu kijana wako: mwache, tena msaidie. Lakini mwambie mapema atafute kazi ya kupanga mchezo. Atakaposoma chuo aombe kuingia kwenye vikao vya video na ubao, hata kama kazi yake ni kukata picha za mechi usiku. Akipewa kazi ya kusajili aifanye, ila aulize kwa adabu ni lini atapewa kupanga ulinzi wa siku ya mechi. Aangalie pia sheria za mahali: Oregon, kwa mfano, tangu 2009 inavilazimisha vyuo vya umma kumsaili walau mtu mmoja kutoka jamii za wachache kabla ya kuajiri kocha mkuu.

Na umwonyeshe njia aliyopita Freeman, kwa kuwa ilianzia hapohapo Columbus mnapoishi. Aliichezea Ohio State, akarudi mwaka 2010 kama msaidizi mwanafunzi, kazi ya malipo kidogo na usingizi kidogo. Akaenda Kent State kufundisha mabeki wa kati, halafu Purdue. Mwaka 2017 Cincinnati wakamkabidhi ulinzi wote aupange yeye, na ni baada ya hapo simu za vyuo vikubwa zilipoanza kuita.